Sura ya Tano: Bei ya Kukosa

Bungoma, magharibi mwa Kenya, mahindi ya mvua ndefu huanza kuvunwa Septemba. Kufikia Januari mkulima mdogo wa huko anakuwa ameshauza sehemu kubwa ya mavuno yake. Ada ya shule inamsubiri, deni la mbolea linamsubiri, na nyumbani hakuna fedha nyingine zaidi ya hayo mahindi. Wenzake wote wanauza wakati huohuo, kwa hiyo bei iko chini. Ikifika Mei na Juni, mahindi mapya yakiwa bado machanga shambani, mkulima yuleyule anarudi sokoni, safari hii kununua. Bei imeshapanda kwa asilimia 25 hadi 40 kwenye masoko makubwa, na kwenye masoko yaliyo mbali na barabara mara nyingi inapita 50. Ameuza kwa bei ya chini, ananunua kwa bei ya juu, na kinachouzwa ni chakula alicholima kwa mikono yake mwenyewe.

Mtu wa mjini akisikia habari hii husema mkulima huyo hana elimu ya biashara. Si kweli. Muulize bei ya debe mwezi wa kumi na bei ya debe mwezi wa sita. Atakutajia zote mbili papo hapo, na ya mwaka juzi atakuongezea. Anachokosa ni uwezo wa kungoja. Wachumi Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walilipima jambo hili katika eneo hilohilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019. Wakulima walipewa mkopo mdogo wakati wa mavuno, magunia yao wenyewe yakiwa dhamana. Wakalipa ada bila kugusa ghala, wakauza bei ilipopanda, na mkopo ule ukawapa faida ya takriban asilimia 29. Hakuna aliyewafundisha namna mpya ya kulima, wala hawakuongezewa ekari. Walichopata ni miezi michache ya kusubiri.

Nimeanza na mahindi kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo takwimu za umaskini zinalipita juujuu. Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wake wa umaskini uliokithiri hadi dola 3 kwa mtu kwa siku, na kwa mstari huo watu zaidi ya milioni 800 duniani ni maskini wa kutupwa. Tanzania Bara, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka kiwango cha mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya wananchi walikuwa chini yake. Namba hizi zina kazi yake na sizidharau. Ila zinatuambia mtu ana kiasi gani tu. Hazituambii kwamba shilingi yake na ya jirani yake mwenye nacho hazinunui sawa, ingawa wanaishi mtaa mmoja.

Simama kando ya duka la mtaa, Tandale au Buguruni jijini Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni. Mtoto ametumwa na kikombe. Muuza duka anachota mafuta ya kula kwa kikopo na kumpimia. Anayemfuata anataka sukari robo. Mwingine anataka unga nusu na kipande cha sabuni ya mche, na nje kando ya ngazi kuna mama anayepanga mkaa kwenye makopo. Tupige hesabu ya mfano: lita ya mafuta ikiwa shilingi 5,000, na kipimo kimoja kikiwa shilingi 300, na lita ikitoa vipimo ishirini, basi anayenunua kwa vipimo amelipa 6,000 kwa lita ileile. Asilimia ishirini zaidi, kila jioni, mwaka mzima. Na muuza duka si mwizi. Mafuta mengine yanabaki kwenye kikopo, muda wake unakwenda, na daftari la madeni lililo chini ya kaunta limejaa majina ya watu watakaolipa mwisho wa mwezi au wasilipe kabisa. Anayenunua dumu la lita ishirini hamsumbui, kwa hiyo anauziwa rahisi. Lakini ili ununue dumu lazima uwe na fedha ya dumu siku moja, yote kwa pamoja, na mtu anayelipwa kwa siku hana siku hiyo.

Maji nayo yana hadithi hiyohiyo. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 ilieleza kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, Jakarta na Manila hulipa maji mara tano hadi kumi ya bei wanayolipa wakazi wa mitaa ya matajiri katika miji hiyohiyo. Mwenye bomba ndani analipa bei ya mamlaka ya maji. Asiye na bomba analipa bei ya mkokoteni.

Upande wa kuuza ni vilevile. Kila anayesafiri barabara za nyanda za juu kusini mwa Tanzania ameyaona magunia ya viazi kando ya lami, yamejazwa mpaka mdomoni kisha yakaongezewa kichwa kwa juu, kimeshonwa kwa kamba na kuchomoza kama kilemba. Hilo ndilo lumbesa. Linahesabika gunia moja, linalipwa bei ya gunia moja, na uzito wake unapita kilo 100 kwa mbali. Wakala wa Vipimo umelipiga marufuku miaka nenda miaka rudi, na mkulima anajua kabisa kwamba limekatazwa. Lakini viazi vyake vimeshachimbwa, jua linawaka, na lori lililosimama mbele yake ni moja. Akisema hapana, dereva anasogea hatua mia mbili kwa jirani, na jirani anadaiwa kama yeye. Marufuku haimpi mkulima huyu siku mbili za kungoja lori lingine. Angekuwa na mahali pa kuhifadhi viazi, na akiba ya kula wakati anasubiri, lumbesa lingekufa bila askari.

Mtwara na Lindi wanaijua kangomba. Mkulima wa korosho akiishiwa kabla ya msimu wa mauzo kufunguliwa, humuuzia mtu wa pembeni kwa kipimo kisicho rasmi na kwa bei ya kutupa, nje ya chama cha msingi. Mnunuzi huyo atazipeleka korosho ghalani baadaye kama zake na kupokea bei ya mnada. Kagera wana butura: kahawa inauzwa ingali maua mtini, au punje mbichi, kwa mtu mwenye fedha taslimu leo. Mavuno yakija, mwenye shamba anachuma kahawa ya mwingine. Serikali imekuwa ikiwasaka wanunuzi wa butura na kangomba kwa nguvu, na mimi sina huruma na wanunuzi hao. Hata hivyo naona tunakosea tunapodhani tatizo limekwisha wakishakamatwa. Mama aliyeuza maua ya kahawa yake alikuwa na mtoto hospitali au mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani. Mnunuzi akiwekwa ndani, shida ya mama imebaki palepale, na sasa hata ile fedha ya dhuluma hana.

Baada ya chakula na mazao, kuna fedha yenyewe, na hapa ndipo bei inapotisha. Mikopo ya kausha damu imeenea sehemu nyingi za Tanzania. Tuchukue tena mfano. Mama lishe anakopa shilingi 100,000. Anakatwa 10,000 ya fomu, mkononi anapokea 90,000. Marejesho ni 5,000 kila siku kwa siku 26, jumla 130,000. Amelipa 40,000 juu ya 90,000 alizopokea, katika muda usiofika mwezi. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea watoa mikopo midogo wenye leseni kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja hiyo ni shilingi 3,500. Mfanyakazi mwenye mshahara unaopitia benki hulipa chini zaidi ya hapo, kwa sababu ana hati ya mshahara ya kuonyesha. Mama lishe ana masufuria.

Na masufuria ndiyo yanayochukuliwa. Siku ya marejesho kikundi kinakaa kwenye mkeka, kila mmoja anataja jina lake na kuweka fedha mbele. Mmoja akipungukiwa, wenzake wanamchangia kwa sura zilizokunjamana, maana wote wamedhaminiana na ofisa hafungi daftari mpaka hesabu itimie. Akipungukiwa mara ya pili au ya tatu, wanakwenda kwake. Inatoka seti ya vyombo, unatoka mtungi wa gesi, linatoka jiko alilopikia chakula cha kuuza. Hapo ndipo ninapoona ukatili wa jambo hili: kinachobebwa kulipia deni ni kile hasa kilichokuwa kinamwingizia fedha ya kulipia deni. Wengi hukopa kwingine kabla hawajafikia hapo, wanachukua huku kuziba kule, na faida yote ya genge inaishia kwenye marejesho.

Sasa tunaweza kuelewa takwimu moja ambayo ilinishtua kuliko zote nilizokutana nazo nikiandika kitabu hiki. Benki ya Dunia, katika tathmini yake ya umaskini Tanzania ya mwaka 2019, iliangalia hali za kaya kati ya 2010 na 2015. Kwa kila Watanzania wanne waliotoka kwenye umaskini, watatu waliingia. Tunaposoma kwamba umaskini umepungua kwa asilimia moja au mbili, tunadhani hali imesimama. Haikusimama hata kidogo. Watu walipanda kwa jasho jingi na wengine wakaporomoka, na takwimu ya mwisho ikaonyesha tofauti ndogo tu kati ya hao na hao.

Anirudh Krishna, msomi wa Kihindi aliyewahi kuwa mtumishi wa serikali vijijini kwao, amefanya kazi kubwa ya kuwauliza wanavijiji wenyewe jinsi watu wanavyopanda na kuporomoka. Yeye na wenzake walikwenda katika vijiji 20 vya magharibi mwa Kenya, wakawakalisha watu na kuwauliza: hapa kwenu, familia ikianza kujinasua, inafanya nini kwanza? Wanakijiji walijibu bila kubishana sana. Kwanza chakula cha uhakika, kisha nguo, kisha kuziba paa, kisha watoto shule ya msingi, halafu kuku, halafu mbuzi au kondoo. Kisha wakazipitia kaya zote, moja baada ya nyingine: hii ilikuwa wapi miaka 25 iliyopita, na leo iko wapi? Asilimia 19 ya kaya zilikuwa zimetoka kwenye umaskini. Asilimia 19 nyingine zilikuwa zimeingia. Robo karne ya jasho, na wakati huohuo umaskini ulikuwa umewapokea wengine idadi ileile.

Walioanguka walipoulizwa sababu, hawakutaja sana pombe wala uvivu. Walitaja ugonjwa, gharama za matibabu na msiba. Mtu anaugua, analala hospitali, mbuzi anauzwa, kisha ng'ombe. Akifariki, waombolezaji wanalishwa kwa siku kadhaa kama mila inavyotaka, na ng'ombe aliyebaki anachinjwa. Familia ambayo mwaka juzi ilikuwa na maziwa, mbolea na mtoto sekondari sasa haina hata kimoja. Krishna aliifanya kazi hiyo pia India, Uganda, Peru na hata jimbo la North Carolina nchini Marekani, kwa kaya zaidi ya 35,000, na gharama za ugonjwa zikatokea mbele karibu kila alikokwenda. Kitabu chake cha mwaka 2010 alikiita kwa jina linalosema kwamba kati ya watu hawa na ufukara kuna ugonjwa mmoja tu.

Kama ni hivyo, basi chochote kinachozuia mtu asianguke kina thamani sawa na kinachompandisha, na pengine zaidi. Ushahidi mzuri wa jambo hili uko mikononi mwetu, kwenye simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007. Wachumi William Jack na Tavneet Suri walifuatilia kaya kwa miaka kadhaa. Ikitokea ukame, ugonjwa au mtu kuachishwa kazi, kaya zisizotumia M-Pesa zilipunguza matumizi yao kwa kiasi cha asilimia 7. Kaya zenye M-Pesa hazikupunguza. Shemeji aliye Mombasa na binamu aliye Nakuru walituma kidogokidogo, jioni ileile, na mbuzi hakuuzwa. Mwaka 2016 watafiti hao walikadiria kwamba huduma hiyo imezitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini uliokithiri, yaani asilimia 2 ya kaya zote za nchi hiyo. Undugu ulikuwepo tangu zamani. Kilichokuwa kinakosekana ni njia ya kuufikisha kabla mnyama hajauzwa.

Kisha liko suala la kupanda kwenyewe, na hapo somo kubwa limetoka Bangladesh. Shirika la BRAC, lililoanzishwa na Fazle Hasan Abed mwaka 1972, lilibuni mwaka 2002 mpango wa kuwasaidia wanawake maskini kuliko wote vijijini: wale wasio na ardhi, wanaofanya vibarua majumbani na mashambani mwa wengine. Mwanamke anapewa mali, mara nyingi ng'ombe, anafundishwa kumtunza, anapewa posho kidogo ya kula ili asimuuze mapema, na anatembelewa mara kwa mara. Kundi la wachumi, wakiwemo Clare Balboni na Oriana Bandiera, lilifuatilia kaya 23,000 katika vijiji 1,309 kwa miaka 11. Waligundua kwamba kuna kiwango fulani cha mali ambacho ndicho kinachoamua. Mwanamke ambaye ng'ombe alimvusha kiwango hicho aliendelea kupanda mwaka hadi mwaka. Ambaye hakuvuka, kwa sababu alianza bila hata kibanda au mkokoteni wa kuongezea juu ya ng'ombe, alirudi taratibu alikotoka. Ng'ombe walikuwa wa thamani ileile na mafunzo yalikuwa yaleyale. Tofauti ya mwanzo ilikuwa ndogo, na baada ya miaka 11 ilikuwa tofauti ya maisha mawili.

Nalirudia hili kila ninapopata nafasi kwa sababu misaada yetu mingi, ya serikali na ya mashirika, imepimwa ili iwafikie watu wengi, si ili imvushe mtu. Kuku wawili kwa kila kaya hupendeza kwenye ripoti. Mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF nchini Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2012, umefikia kaya zaidi ya milioni moja, na ruzuku yake imeokoa watoto wengi na njaa na kuwabakiza shuleni. Atakayeufuta atafanya dhambi. Lakini ruzuku ya kula ni ya kuzuia anguko. Kuvuka kunataka kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja, na hicho ndicho wakubwa wanachoogopa kumkabidhi maskini, kwa hofu kwamba atakitapanya. Hofu hiyo imeshapimwa. Kaunti ya Siaya nchini Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 fedha taslimu zinazokaribia dola 1,000 kila moja, bila masharti. Utafiti wa Dennis Egger na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba kila dola iliyoingia ilizaa takriban dola 2.5 katika uchumi wa eneo lile, na bei za bidhaa hazikupanda kwa kiasi cha kuumiza. Utafiti wa awali katika kaunti hiyohiyo haukuona ongezeko la matumizi ya pombe wala tumbaku. Watu waliezeka mabati, wakanunua mifugo, wakafungua vibanda. Jirani ambaye hakupewa kitu aliuza zaidi kwa sababu mwenzake alikuwa na fedha.

Kwa hiyo suala la umaskini silioni tena kuwa fumbo. Maskini anauza mapema, ananunua kidogokidogo, anakopa kwa riba ya kuua, na anapougua hana cha kumzuia asiporomoke. Kila moja kati ya haya ni hasara yake na ni faida ya mtu mwingine: mwenye ghala, mwenye lori, mwenye fedha taslimu. Hao wana sauti kwenye vikao, na sehemu kubwa ya ugumu wa kutoka kwenye umaskini iko hapo, kwenye mapato halali kabisa ya watu wanaoheshimika.

Tuna chombo kimoja Tanzania ambacho kingeweza kuanza kubadilisha hesabu hii mwaka huuhuu. Sheria inazitaka halmashauri zote kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi, ikarudishwa mwaka 2024. Kuirudisha hakutoshi. Kwa wakulima wa mahindi wa Ruvuma, Rukwa na Songwe, mkopo unaotoka Februari unamkuta mtu ameshauza na ameshakula. Unaotoka Juni, magunia yakiwa ghalani, unamwezesha kungoja bei. Na kiasi kinachogawanywa kiwe cha kuvusha mtu, hata kama vikundi vitakavyopata mwaka huu vitakuwa vichache. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu, na kila mtu mzima mkazi wa kijiji ana haki ya kusema pale. Ukienda mkutano ujao, muulize mwenyekiti na diwani wako mambo mawili: mikopo ya halmashauri yetu inatoka mwezi gani, na kwa nini mwezi huo? Usikubali kuondoka bila jibu kuandikwa kwenye muhtasari.